Kunguru wa Ilula

Kunguru ni ndege wa jenasi Corvus katika familia ya Corvidae, wenye mdomo mnene, miguu ya nguvu na sauti ya kukwaruza. Ilula ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya. Kunguru wa kuwajua katika eneo hilo ni wawili. Wa tatu, ambaye ndiye aliyewaharibia wenzake jina, ni wa pwani.

Huyu wa kila siku ni kunguru rangi-mbili (Corvus albus). Mwili wake ni mweusi wa kung'aa, ila kifua na shingo ni vyeupe pe, kama mtu aliyevaa fulana ndani ya koti. Urefu wake ni karibu sm 46 hadi 50. Hupenda mashamba, vijiji na kandokando ya barabara. Msitu mnene haumfai. Wakati wa kumtazama vizuri ni msimu wa nyanya, matenga yanapopangwa kusubiri fuso na masalo, yaani nyanya zilizobaguliwa, yakarundikwa pembeni. Hashuki moja kwa moja. Hutua kwanza juu ya bati, akageuza kichwa huku na huku, ndipo ashuke, atembee hatua mbili tatu, aikanyage nyanya iliyopasuka kwa mguu mmoja na kuichana kwa mdomo. Mtu akiinama tu, hata kama anafunga kamba ya kiatu, ndege kesharudi batini. Aliyesema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake alikuwa amekaa akamwangalia.

Wakulima humlaumu kwa mbegu za mahindi zinazofukuliwa na vifaranga vinavyonyakuliwa, na hawamsingizii. Lakini ndege huyohuyo hula panzi, viwavi na mizoga. Hujenga kiota cha vijiti juu ya mti mrefu au nguzo ya umeme, mara nyingine akichanganya na vipande vya waya, na jike hutaga mayai 3 hadi 6. Mjanja naye hupatwa: kekeo mwenye madoa (Clamator glandarius) hutaga yai lake humo, na kunguru humlea kinda wa mwenzie pamoja na wake.

Ujanja wa kunguru ni pamoja na kumbukumbu, iliyopimwa kwa ndugu zake wa Marekani. Kuanzia 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walivaa vinyago walipowakamata kunguru. Kwa miaka iliyofuata, kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na ndege ambao hawakuwahi kukamatwa.

Kunguru shingo-nyeupe (Corvus albicollis) ni wa majabali na milima, kwa hiyo anafaa kutafutwa upande wa Kitonga, barabara inakoteremka kuelekea Mahenge. Weupe wake uko kisogoni tu. Kifua ni cheusi, na mdomo mkubwa uliopinda una ncha nyeupe. Hujenga kwenye miamba na hufuata mizoga ya barabarani. Kule Kilimanjaro amejipatia sifa ya kufungua zipu za mabegi ya wapandaji.

Wa tatu, kunguru wa India (Corvus splendens), aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kuzoa taka za mji. Kufikia 1917 alikuwa keshahesabiwa mharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, kisha akaenea Dar es Salaam, na bara amefika Morogoro. Huharibu viota vya ndege wengine na hula makinda yao. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza azma ya kuwaangamiza milioni 1. Mabaya yake yote hubebeshwa kunguru yeyote yule, wakati kumtofautisha na wa Ilula ni kazi ya kutupa jicho kifuani: huyu wa India ni mwembamba zaidi, shingo yake ni ya kijivu, na hana weupe popote.