Nomino na kivumishi baada ya kitenzi kishirikishi cha Kiingereza

Mfasiri wa habari akikutana na sentensi ya mahakamani, The witness proved a liar, ni rahisi aandike kwa haraka kwamba shahidi alimfichua mwongo. Sivyo. Sentensi inasema shahidi mwenyewe alidhihirika kuwa mwongo. Kosa hilo likisomwa hewani, shahidi husafishwa na lawama humwangukia mtu mwingine.

Kitenzi kishirikishi hakielezi tendo linalomfikia mwingine. Kazi yake ni kukiunganisha kiima na neno linalokitaja au kukieleza. Katika Kiingereza kinachotumika zaidi ni be, kisha become na seem. Likifuata jina, huyo ni yule yule: katika Samia Suluhu Hassan became president in 2021, Samia na rais ni mtu mmoja. Kikifuata kivumishi, kinaeleza hali ya kiima.

Msemaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho Mwingereza hana. Yambwa ikiwa mtu, kitenzi chetu huchukua kiambishi chake: alimwita daktari. Hapo wamo watu wawili. Lakini hakuna asemaye amemkuwa daktari; husemwa amekuwa daktari, na mtu ni mmoja.

Ugumu uko kwenye vitenzi vyenye sura mbili, kama vile grow, turn, look na prove. The farmer grew tea maana yake mkulima alilima chai, ilhali The crowd grew angry maana yake umati ulianza kukasirika. Ukiwa na shaka, weka was mahali pa kitenzi. Umati was angry ni sentensi timamu. Mkulima was tea ni kichekesho.

Kivumishi cha Kiingereza hakifuati umoja wala wingi: the tree is tall, the trees are tall. Sisi husema mti ni mrefu, miti ni mirefu. Mara nyingi, hata hivyo, Kiswahili hukiacha kivumishi na kutumia kitenzi: tired ni amechoka, drunk ni amelewa. Hapa ndipo habari inapoweza kuongezwa chumvi bila kukusudia. The hostage is dead inaeleza hali tu, wala haitaji siku wala chanzo cha kifo. Anayeandika kwamba mateka amefariki dunia leo, au ameuawa, ametangaza jambo ambalo taarifa haikulisema. Mateka amekufa, inatosha.