Nguo ya Tunda

Ninyi mlio darasani huko Tengeru na Usa River, fungueni madaftari yenu.

Somo la leo ni juu ya tunda na nguo yake. Shika chungwa, ligeuze. Ganda lang'aa kidogo. Mng'ao ule ni nta, nayo imetengenezwa na mti wenyewe. Nta huzuia maji ya tunda yasitoke upesi. Tunda likishachumwa bado lapumua. Hupoteza maji, hunywea, halafu huoza.

Wachina walilijua jambo hili zamani. Yapata miaka 800 iliyopita, walichovya machungwa na malimau katika nta ili yafike mbali. Yalifika bila kunyauka, lakini nta ilikuwa nene mno. Tunda likakosa pumzi, likachacha ndani kama pombe. Kumbukeni kosa hilo.

Sasa turudi kwetu. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na kahawa ya Meru ikapanda treni kwenda Tanga. Kahawa ikikauka yaweza kungoja. Ndizi haingoji. Parachichi nalo ni la ajabu: haliivi mtini, huanza kuiva likishachumwa. Tangu saa hiyo mwenye mali anashindana na siku. Mama ameteremka na mzigo wake toka mlimani, siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi. Jua likishuka hana la kuchagua. Akirudi nayo nyumbani, itaoza. Basi hukubali bei ya mchuuzi, hata kama ni ya kuonewa.

Huko Marekani, katika miaka ya 1930, wafanya biashara walikuwa wakipaka machungwa nta nyembamba. Hapo ndipo mimi hushangaa. Nta sisi tulikuwa nayo! Tangu siku za Wajerumani, nta ya nyuki toka Tabora ilipakiwa melini kwenda Ulaya. Nta ilikwenda, maarifa ya kuitumia kwa matunda hayakurudi na meli.

Tena si nta tu. Mwaka 2010 wataalamu wa Malaysia walitangaza kazi yao juu ya nyanya. Walizipaka maji yaliyochanganywa na ulimbo wa mti ambao sisi twauita kikwata. Mti huu huota katika nchi kavu, hata hapa Tanzania. Ulimbo ulipokuwa sehemu 10 katika 100, nyanya zilikaa siku 20 bila kuharibika. Ulipozidi, ladha ikaharibika. Mwaona? Ni kosa lile lile la machungwa ya China.

Lakini jamani, msikimbilie kuyeyusha mishumaa. Mshumaa si chakula. Na tunda lililopondeka njiani halitaponywa na nta yo yote. Kwanza kivuli, na sanduku badala ya gunia. Tengeru penyewe, tangu mwaka 1992, pana kituo cha utafiti wa mboga kinachojulikana dunia nzima. Wako jirani nanyi. Nendeni mkaulize.

Sasa andikeni maneno haya, kila moja mara tatu: nta, ulimbo, ganda, pumzi. Kisha mzee wa darasa awaulize: kwenu, tunda lipi huoza kwanza, na huozea wapi, shambani, njiani au sokoni? Andikeni jibu kwa sentensi mbili.