Zaka ya msikitini, zaka ya kanisani

Neno zaka lina makao mawili. Kwa Waislamu ni nguzo ya dini: ambaye mali yake imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kutimiza mwaka hutoa asilimia 2.5, nayo hugawiwa makundi 8 yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, mafukara na masikini wakitangulia.

Biblia ya Kiswahili, katika Malaki sura ya 3, hulitumia neno hilohilo kwa fungu la kumi. Ndiyo maana Mkatoliki wa Tanzania naye hulipa zaka parokiani.

Kiarabu kina neno jingine lenye maana hasa ya sehemu ya kumi: ushr. Waswahili walilipokea kama ushuru, likaishia forodhani na sokoni.

Leo zaka zote mbili hutumwa hata kwa simu. Mkristo na Mwislamu wanapoizungumzia, inafaa waulizane mapema: ni kiasi gani, na inamfikia nani? Swali la pili linawakutanisha zaidi, kwani Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inawataja mgeni, yatima na mjane miongoni mwa wanaostahili kushiba kwa fungu hilo.