Ampli ya valvu haina besi? Anza na waya wa spika kabla ya kumtafuta fundi

Valvu zimewaka, sauti ya mwimbaji iko safi, gitaa linasikika, lakini besi hakuna. Kwa mtu wa Kilosa au Mikumi mwenye ampli ya valvu, wazo la kwanza ni kuibeba mpaka Morogoro mjini kwa fundi. Ampli hizi ni nzito kwa sababu ya transfoma, vioo vyake havipendi safari, na mara nyingi ugonjwa unabaki nyumbani: kwenye waya, kwenye spika au kwenye simu.

Anza na waya. Zima ampli, chomoa kwenye umeme, iache ipoe. Nyekundu ya ampli inatakiwa iende kwenye nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukipinduliwa, spika moja inasukuma hewa huku nyenzake inavuta. Sauti nyembamba hazisumbuki sana, ila besi za spika hizo mbili zinauana. Dalili yake ni kwamba hujui mwimbaji yuko upande gani, sauti inaelea tu chumbani.

Kama rangi za waya zimefutika, pindua waya za spika moja tu, kisha washa usikilize wimbo uleule. Besi ikirudi, kazi imekwisha. Baba yangu mdogo pale Kimamba alinunua valvu mpya kwa hela ya mahindi, kumbe waya wa spika ya kushoto ulipinduliwa siku walipohamisha kabati.

Jambo moja la kushika: ampli ya valvu usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Muziki ukipita hivyo, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama.

Sasa shika simu. Pini ya waya ikiingia nusu, au waya wake wa ndani ukikatika, mwimbaji anakuwa mbali na besi inatoweka, kwa sababu vyote viwili hurekodiwa katikati ya kushoto na kulia. Wengi hulaumu ampli hapo. Sukuma pini mpaka mwisho, jaribu waya mwingine, na angalia kama simu haijawekewa mpangilio wa kupunguza besi.

Wimbo wenyewe nao una mchango. Rekodi za zamani za Salum Abdallah na Cuban Marimba, au za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, hazikurekodiwa kwa besi nzito kama Bongo Fleva ya leo. Usipimie ampli kwa nyimbo hizo peke yake.

Nyuma ya ampli nyingi za valvu kuna sehemu za kufungia spika zilizoandikwa 4, 8 na labda 16. Hizo ni omu. Soma kibandiko cha spika yako ufunge panapolingana. Spika ya omu 4 ikifungwa kwenye 8, valvu zinafanya kazi ngumu na besi inalegea.

Halafu kuna suala ambalo wauzaji hawapendi kulisema: nguvu. Ampli ndogo yenye valvu moja ya EL84 kila upande inatoa wati 5 hivi. Spika yenye kiwango cha 84 dB inahitaji wati mara 10 zaidi ya spika ya 94 dB ili zilingane kwa sauti. Ukifunga ampli ndogo kwenye spika zenye njaa, besi ndiyo ya kwanza kuchoka. Hapo hakuna kilichoharibika, vifaa tu havikuendana. Na hata ikiwa nzima, besi ya valvu ni laini kidogo. Ukiifananisha na sabufa ya baa za barabarani pale Mikumi utaumia bure.

Umeme mdogo nao upo. Mikumi haiko mbali na mitambo ya Kidatu ya megawati 204, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini haifaidiki na ujirani huo. Umeme wa majumbani ni volti 230. Ukishuka mpaka 190, ampli isiyo na kidhibiti cha ndani inaweza kupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Kama besi inakuwepo saa 5 asubuhi na kupotea saa 2 usiku watu wakipika na kupiga pasi, tafuta stebilaiza.

Spika zikaguliwe pia. Raba ya pembeni ya spika ya besi huoza kwa joto, na panya wanaitafuna. Waliopitia mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 wanajua maji yanachofanya kwa karatasi ya spika. Kama ziko salama, zisogeze karibu na ukuta na wewe uondoke katikati ya chumba. Besi huongezeka ukutani, na katikati mara nyingi kuna shimo.

Ukimaliza yote hayo, zima ampli ubadilishane waya za spika, ya kushoto iende kulia. Udhaifu ukibaki kwenye spika ileile, mgonjwa ni spika. Ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye ampli au nyuma yake kwenye simu. Ndani ya ampli washukiwa ni kapasita zilizokauka, valvu iliyochoka au transfoma.

Hapo usifungue mwenyewe. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Ukiona bamba la chuma ndani ya valvu limekuwa jekundu, zima papo hapo. Kwa fundi, taja upande wenye shida na saa inayotokea, na muulize kama ameshawahi kutoa chaji kwenye kapasita za valvu. Akicheka swali hilo, ondoka na ampli yako.