Lugha ya Kuuliza: Java na Ghala la Maarifa la RDF

Wanaisimu wamezoea kuichambua sentensi sahili kwa kubainisha kiima, kitenzi na yambwa. Katika sentensi "Shaaban Robert aliandika Kusadikika", kila sehemu ina kazi yake. Mnamo Februari 1999, W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, lilipitisha RDF, utaratibu wa kuhifadhi maarifa katika kompyuta kwa umbo lilo hilo la sehemu tatu. Aghalabu kila kinachotajwa hupewa anwani ya kipekee, ili majina yanayofanana yasichanganywe.

Java ilikuwa imetolewa kwa umma na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Mwaka 2000, watafiti wa maabara ya Hewlett-Packard mjini Bristol, Uingereza, walianza kuunda Jena, mkusanyo wa zana za kuiwezesha programu ya Java kusoma na kuandika RDF. Huko Uholanzi nako kukazuka Sesame. Hata hivyo, kila upande ulikuwa na lugha yake ya kuuliza: Jena ilitumia RDQL, na Sesame ikaunda SeRQL. Programu iliyozoea ghala moja ilikuwa bubu mbele ya ghala jingine. Mwenye kuhama hakuwa na budi kuyaandika upya maswali yake.

Utengano huo ulipata dawa Januari 2008, W3C ilipoidhinisha SPARQL pamoja na kanuni za kupeleka maswali kwa njia ya wavuti. Tangu hapo, huduma ya Java huweza kupokea ombi la mtumiaji, kuligeuza kuwa swali la SPARQL, kulipeleka ghalani na kurudisha jibu, bila kujali ghala liliundwa na nani, ilimradi lazifuata kanuni hizo. Jena ilihamia Apache mwaka 2010. Sesame ikawa RDF4J chini ya Eclipse mwaka 2016. Walezi walibadilika, lakini maswali yaliendelea kueleweka.

Jambo hili lawahusu watunzi wa kamusi. Mei 2016 ulichapishwa mfumo wa OntoLex-Lemon, unaoonyesha namna ya kuandika kamusi kwa RDF. Kamusi iliyofungwa ndani ya programu moja huweza kufa pamoja nayo; iliyoandikwa kwa kanuni za pamoja yaweza kuulizwa hata na programu ambayo bado haijaundwa. Ni dhahiri, basi, kwamba Java na RDF ziliunganishwa na usanifishaji wa lugha, kazi ile ile ambayo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikabidhiwa kwa ajili ya Kiswahili mwaka 1930.