Wakristo wa Antiokia waliojazana sinagogi

Vuli ya mwaka 386, padri mmoja aliyekuwa na miezi michache tu tangu apewe upadri huko Antiokia alikatiza mfululizo wa mahubiri yake dhidi ya wazushi. Sikukuu ya Baragumu ya Wayahudi ilikuwa imekaribia, nyuma yake Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda, na Yohane, aliyekuja kuitwa Krisostomo, alijua fika kwamba baadhi ya waumini wake watakwenda sinagogi.

Wengine walifuata baragumu, wengine walifunga pamoja na Wayahudi. Wagonjwa walikwenda kulala katika sinagogi ya Dafne, nje kidogo ya mji, wakitumaini kupona. Kisa kimoja anakisimulia mwenyewe: alimkuta mwanamume Mkristo akimlazimisha mwanamke, naye Mkristo, aingie sinagogi akaape juu ya jambo walilokuwa wakigombania. Padri akamwokoa yule mama, kisha akamwuliza bwana yule kwa nini asiende kanisani. Akajibiwa kwamba watu wengi wanasema kiapo cha kule kinaogopwa zaidi.

Tumezoea kusikia kwamba dini hizi mbili ziliachana mara tu Hekalu lilipobomolewa mwaka 70. Antiokia, ambako kwa mujibu wa Matendo ya Mitume ndiko wafuasi wa Yesu walikoanza kuitwa Wakristo, inasimulia mengine. Kusoma Maandiko mbele ya mkutano na kuyafafanua, zaburi, kufunga, kuwatunza maskini: yote hayo Kanisa lilizaliwa nayo, yakitoka sinagogi. Jiwe lililofukuliwa Yerusalemu mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambalo wataalamu wengi huliweka kabla ya mwaka 70, linaonyesha mambo yalivyokuwa katika sinagogi. Mistari 10 ya Kigiriki yasema kwamba Theodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana na mjukuu wa wakuu wa sinagogi, alijenga nyumba ya kusomea Torati na kufundishia amri, pamoja na vyumba vya wageni na maji kwa watokao mbali. Myahudi msafiri kama Paulo, akiingia mji asioujua, angefikia wapi kwingine?

Maaskofu ndio waliohangaika kukata undugu huo. Katika mtaguso wa Nisea, mwaka 325, waliamua Pasaka isifuate tena hesabu ya Wayahudi. Baadaye katika karne hiyohiyo, mtaguso wa Laodikia ukakataza kupumzika siku ya Sabato, na hata kupokea mikate isiyotiwa chachu kutoka kwa Wayahudi. Kwangu mimi katazo hili lina thamani kuliko hotuba nyingi, kwa sababu linatuambia kwamba mikate ilikuwa ikipelekwa kwa jirani.

Krisostomo naye hakuishia kuonya. Aliwatukana Wayahudi kwa maneno mazito, na maneno hayo yalinakiliwa karne hadi karne. Na mahali pengine mambo hayakuishia kwenye maneno: mwaka 388, huko Kalinikum kando ya mto Frati, Wakristo walichoma sinagogi. Kaisari Theodosio akaamuru askofu wa mji huo agharimie kuijenga upya. Ambrosi, askofu wa Milano, akampinga waziwazi, na kaisari akaifuta amri yake.