Mhudumu wa mochwari katika uchunguzi wa maiti

Mhudumu wa mochwari ni mtumishi wa afya anayepokea, kutunza na kukabidhi miili ya marehemu, na ndiye msaidizi wa mwanapatholojia pale maiti inapopasuliwa ili kujua chanzo cha kifo. Uamuzi na saini ya ripoti ni vya daktari. Lakini mikono inayofungua mwili, kutoa viungo na kushona, mara nyingi ni ya mhudumu. Katika hospitali nyingi za Kenya na Tanzania ufundi huu umepokewa kazini, mdogo akimtazama mkubwa wake, na heshima unayopewa ni ndogo kuliko uzito wake.

Uchunguzi hufanywa kwa njia mbili. Ule wa hospitali, unaolenga kuelewa ugonjwa, hutegemea idhini ya ndugu. Ule wa kisheria hufanywa kwa amri ya mamlaka, hata ndugu wasiporidhia, iwapo kifo ni cha ghafla, cha ajali, cha kujiua au kinachoshukiwa kuwa mauaji. Nchini Kenya wajibu wa polisi katika vifo hivyo umewekwa na kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Tanzania ina sheria yake ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980. Mhudumu hashiki kisu kabla karatasi hazijakamilika.

Kazi huanza na utambulisho. Mwili unapoingia hufungwa lebo kwenye kidole cha mguu au kifundo cha mkono, na maelezo yake huandikwa kwenye daftari la mapokezi. Kabla ya upasuaji, ndugu huitwa kuutambua mbele ya daktari na, kwa kesi ya jinai, mbele ya polisi. Hakuna hatua inayohitaji uangalifu kuliko hii. Lebo zikibadilishana, familia mbili huzika wasio wao, na kaburi halifukuliwi bila kibali.

Mwili huhifadhiwa kwenye jokofu, kwa kawaida karibu nyuzi 4 za selsiasi. Hapa pana jambo linaloharibu kesi nyingi. Mazishi yanapocheleweshwa kwa michango na safari, familia huomba mwili utiwe dawa ya kuhifadhi upesi. Dawa hiyo, yenye formalini, hufanya vipimo vya pombe na vya baadhi ya sumu, kama sianidi, visiaminike, na huharibu vinasaba. Mhudumu makini huuliza kwanza kama kuna uchunguzi unaosubiriwa. Akiona shaka, huacha sindano.

Siku ya uchunguzi, mwili hupimwa urefu na uzito, na nguo huvuliwa taratibu. Palipo na jeraha la risasi au kisu, nguo haikatwi kwenye tundu. Kila nguo hukaushwa na kuwekwa kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Daktari akishamaliza kukagua ngozi, mhudumu hukata mkato mmoja kutoka chini ya koo hadi kinenani, au mkato wenye umbo la Y unaoanzia mabegani. Gegedu za mbavu hukatwa na mfupa wa kidari huinuliwa. Viungo vinaweza kutolewa kimoja kimoja, utaratibu unaohusishwa na Rudolf Virchow wa Berlin, au vyote kwa pamoja, kama alivyofundisha Mfaransa Maurice Letulle. Kila kimoja hupimwa: moyo wa mtu mzima huwa na takriban gramu 300, ini takriban gramu 1,500. Uzito uliozidi sana humwelekeza daktari mahali pa kutazama.

Kichwani, ngozi hukatwa kutoka nyuma ya sikio moja, kupitia utosini, hadi nyuma ya sikio la pili, ili mshono usionekane usoni. Fuvu hukatwa kwa msumeno wa umeme ambao meno yake hutetema badala ya kuzunguka. Hatua hii hudai mkono mtulivu: msumeno ukizama mno hukata ubongo, na damu iliyovuja kwa jeraha la kweli inakuwa vigumu kuitofautisha na uharibifu wa msumeno.

Sampuli hufuata mpango wa daktari. Damu ya kupima sumu huchukuliwa kwenye mshipa wa paja, si moyoni, kwa kuwa baada ya kifo dawa nyingi huhama kutoka kwenye ini na mapafu na kupandisha kipimo cha damu ya moyo. Hukusanywa pia mkojo, vilivyomo tumboni na majimaji ya jicho. Kila chupa huandikwa jina, namba na saa, na anayeipokea hutia saini. Mnyororo huo ukikatika, wakili atauliza mahakamani sampuli ilikuwa wapi.

Kisha mwili hufungwa. Viungo hurudishwa, uwazi hukaushwa na kujazwa pamba, na ngozi hushonwa kwa mshono wa mfululizo uliokazwa. Mwili huoshwa, nywele huchanwa. Kwa familia za Kiislamu, zinazotaka kuzika mapema na zitakazomwosha marehemu wenyewe, mshono unaovuja huwa msiba wa pili: maji huingia, sanda hulowa damu. Ubora wa mhudumu hupimwa hapa kuliko kwingine kokote.

Uzito wa kazi hii ulionekana Malindi mwaka 2023, miili ya waumini wa dhehebu moja la kidini ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Ilizidi 400, mochwari ya hospitali ikajaa na makontena ya baridi yakaletwa. Uchunguzi ulioongozwa na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, ulionyesha njaa kwa wengi, na dalili za kunyongwa au kupigwa kwa baadhi, wakiwamo watoto. Mingi ilikuwa imeoza kiasi cha kutotambulika kwa sura, hivyo ikahitaji vinasaba. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024.

Hatari ni za kila siku. Kifua kikuu huruka hewani mapafu yanapokatwa, homa ya ini B na virusi vya UKIMWI huingia kwa kujichoma, na formaldehidi, kemikali iliyomo kwenye formalini, iliainishwa kuwa kisababishi cha saratani mwaka 2004. Chanjo ya homa ya ini B, barakoa inayochuja, glavu za tabaka mbili, buti, aproni isiyopitisha maji na feni za kutolea hewa ni haki ya mhudumu, na mwajiri asiyezitoa anamhatarisha.

Si kila uchunguzi huhitaji kupasua mwili. Kisumu na Siaya, nchini Kenya, katika utafiti wa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, hutumika njia ya kuchukua vipande vidogo vya tishu kwa sindano bila kupasua. Mwili hubaki mzima na wazazi wengine hukubali kwa sababu hiyo, ingawa njia hii haiwezi kuchukua nafasi ya upasuaji kamili pale kifo kinaposhukiwa kuwa cha jinai.